Kimemo cha mwaka 1834

Mnisamehe kwa kupotea. Mitihani ya katikati ya muhula ilinibana, halafu bumu likachelewa, na mtu mwenye njaa haandiki kitu kikaeleweka. Leo nimekula chipsi mayai, nina nguvu, na nina jambo la kuwaeleza.

Lilianza Jumapili. Nilikuwa maktaba, najiandaa na wasilisho langu la semina kuhusu utumishi wa serikali Uingereza karne ya 19, simu ikatetemeka mfukoni. Bi mkubwa. Nikatoka nje kwenye ngazi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Sasa sikiliza, nimeongea na mjomba wako. Kasema umpelekee vyeti kabla ya Ijumaa. Kuna nafasi ya ukarani pale kazini kwao, haijatangazwa. Atakuandikia kimemo kwa mkubwa wake.”

“Mama, si mpaka nimalize chuo kwanza?”

“Unamaliza Julai. Nafasi haisubiri Julai. Mpigie mjomba wako, uongee naye vizuri, usinitie aibu.”

Nikarudi kwenye kiti changu. Na hapa mtadhani natunga, lakini kitabu kilichokuwa wazi mezani kilikuwa tawasifu ya Anthony Trollope, yule mwandishi wa riwaya wa Kiingereza, na nilikuwa nimeishia pale anapopata kazi ya ukarani posta ya London. Mwaka 1834. Kwa kimemo. Nikasoma mpaka maktaba ikafungwa.

Basi ngoja niwape kisa chenyewe, maana ni kitamu na kinauma.

Anthony alikuwa na miaka 19. Msidhani alikuwa mtoto wa kishua. Baba yake alikuwa mwanasheria aliyekosa wateja kwa sababu ya hasira zake, akaingia kwenye kilimo, kilimo kikamlamba. Mwaka 1834 madeni yakafurika, ikabidi mzee atoroke Uingereza na familia ikajificha Bruges, kule Ubelgiji. Nyumbani walikuwa na kifua kikuu: kaka yake Henry alikufa Desemba mwaka huo huo, baba akafa 1835, dada yake Emily akafa 1836. Aliyekuwa anawalisha wote ni mama, Frances Trollope. Huyu mama ni habari nyingine kabisa. Alikwenda Marekani kutafuta maisha, akashindwa, akarudi akaandika kitabu cha kuwasema Wamarekani na tabia zao, kikatoka 1832, kikauzika kama maandazi ya asubuhi. Baada ya hapo akawa anaandika usiku na kuuguza mchana.

Anthony mwenyewe alikuwa amesoma shule kubwa, Harrow na Winchester, lakini kwa maelezo yake alitoka bila kitu kichwani. Alijaribu kupata ufadhili wa kwenda Oxford na Cambridge, akagonga mwamba. Alikuwa Brussels kama mwalimu msaidizi wa shule ndogo, anafundisha Kilatini na Kigiriki huku akisubiri kujifunza Kifaransa na Kijerumani ili aingie jeshi la farasi la Austria. Ndiyo, Austria. Mtu akiwa hana pa kwenda, hata Austria anaiona karibu. Wiki sita tu tangu afike pale, ikaja barua: kuna nafasi ya ukarani Posta Kuu, London.

Ilitoka wapi hiyo nafasi? Mama Trollope alikuwa na rafiki, mke wa bwana mmoja aitwaye Clayton Freeling. Clayton alikuwa mtoto wa Sir Francis Freeling. Na Sir Francis ndiye aliyekuwa Katibu wa Posta, bosi mkubwa wa shughuli za kila siku pale, tangu mwishoni mwa karne ya 18. Mama akamwambia rafiki, rafiki akamwambia baba mkwe, baba mkwe akatoa nafasi. Hakukuwa na tangazo gazetini, wala foleni ya bahasha za kaki mapokezi.

Sasa siku ya usaili. Anthony akapelekwa mbele ya mtoto mwingine wa Sir Francis, Henry Freeling, aliyekuwa msaidizi wa Katibu. Yaani baba ndiye bosi, mtoto ndiye msaidizi wake, na mtoto wa pili ndiye aliyemleta kijana. Hapo ukisema “undugunization” utaambiwa una wivu. Akapewa kalamu ya unyoya iliyochoka na kuambiwa anakili mistari michache ya gazeti la The Times. Akadondosha madoa ya wino, akakosea tahajia. Henry akamgeukia Clayton akamwambia kwamba hii haifai. Clayton akamtetea: kijana ana woga, mwacheni aandike nyumbani kesho alete. Wakamuuliza kama anajua hesabu. Akajibu anajua kidogo. Ukweli ni kwamba tebo hakuwahi kujifunza. Wakamwambia kesho atapimwa hesabu pia.

Usiku ule akakaa na kaka yake mkubwa akisimamiwa, akanakili kurasa nne tano za historia ya Edward Gibbon kuhusu kuanguka kwa Dola ya Kirumi, kwa mwandiko wa kupendeza. Nadhani hii ndiyo “assignment” ya kwanza katika historia ya posta kufanyiwa kazi usiku kucha. Asubuhi akazibeba mpaka ofisini. Wala hakuna aliyeziangalia. Hakuna aliyemuuliza hesabu. Wakamwonyesha kiti na meza, akaanza kazi, Novemba 1834, mshahara pauni 90 kwa mwaka.

Niliposoma hapo nilicheka peke yangu mpaka dada wa maktaba akaniangalia. Halafu nikakumbuka simu ya mama, kicheko kikakata.

Kwanza tuelewane kuhusu hizo kazi. Serikali ya wakati ule haikuwa na mashine ya kuchapa wala karatasi ya kaboni. Barua ikitoka, nakala inaandikwa kwa mkono kwenye daftari. Barua ikiingia, inaandikwa. Ofisi ilikwenda kwa vidole vya watu, kwa hiyo mwandiko ulikuwa ndiyo cheti. Neno letu karani lenyewe ni msafiri wa Bahari ya Hindi, Wamalay wanalo hadi leo, kerani. Kila palipokuwa na bandari na bidhaa alikuwepo mtu wa kuandika kilichoingia na kilichotoka. Kazi ilikuwa ya kuchosha, lakini ilikuwa ya kudumu. Sheria ya mwaka 1810 ilishaanza kuweka utaratibu wa pensheni kwa watumishi wa serikali. Kwa familia yenye jina zuri na mfuko mtupu, hiyo ndiyo ilikuwa mbingu.

Na mlango wa hiyo mbingu ulikuwa mmoja: kuteuliwa. Hakukuwa na mtihani mmoja wa serikali nzima. Nafasi zilikuwa mali ya wakubwa, na wakubwa walizigawa kama mtu anavyogawa nyama ya sikukuu. Pale Hazina alikuwepo katibu ambaye kazi yake hasa ilikuwa hiyo, kugawa vyeo kwa wabunge wanaoiunga mkono serikali, na mbunge naye akawapa watu wa jimboni kwake. Ukipiga kura vizuri, mpwa wako anaingia forodhani. Kwa hiyo kijana wa mwaka 1810 au 1820 aliyekuwa anatafuta kazi ya serikali hakuwa anatafuta kazi. Alikuwa anatafuta mtu.

Robert Peel, yule aliyekuja kuwa waziri mkuu na kuanzisha polisi wa London, alikuwa Katibu Mkuu wa serikali kule Ireland kuanzia 1812 hadi 1818, na alizama kwenye maombi ya namna hii. Nilichojifunza kuhusu barua za kuomba kazi za enzi hizo ni kwamba ukitafuta mahali mwombaji anaposema anajua kufanya nini, unaweza kutafuta mpaka uchoke. Anaeleza baba yake alivyoitumikia serikali. Anaeleza familia ilivyompigia kura fulani. Anaeleza ana watoto wangapi na shida gani. Wasifu wa kazi wa karne ya 19 ulikuwa wasifu wa ukoo.

Na msifikiri kimemo kilikuwa cha matajiri tu. Hapa nataka niwatajie John Dickens, baba yake Charles Dickens. Wazazi wake walikuwa watumishi wa ndani kwenye jumba la Crewe, baba msimamizi, mama mtunza nyumba. Mwenye jumba, John Crewe, aliwahi kuwa mbunge na alikuwa rafiki wa George Canning. Canning alikuwa Mweka Hazina wa Jeshi la Majini. Mwaka 1805 kijana wa watumishi akapata ukarani ofisi ya malipo ya jeshi la majini, na wanaohusika na historia hiyo wanaona mkono wa Crewe hapo. Kwa hiyo kimemo kilipita hata jikoni, ilimradi jiko liwe la nyumba kubwa. (John aliishia gerezani kwa madeni mwaka 1824 na mtoto wake Charles akapelekwa kiwandani kubandika karatasi kwenye makopo ya rangi ya viatu. Hiyo ni mada ya siku nyingine.)

Tena kulikuwa na waliokosa mtu, wakajaribu pesa. Mwaka 1809 kulilipuka kashfa ya Mary Anne Clarke, hawara wa Mtawala wa York, mtoto wa mfalme na mkuu wa majeshi. Bibie alishutumiwa bungeni kwamba anapokea pesa ili majina ya watu yapite kwa bwana wake. Ushahidi ulisikilizwa kwa wiki kadhaa, na bibie mwenyewe akasimama akajibu maswali ya wabunge kwa jeuri na vichekesho mpaka wakajuta kumwita. Mtawala wa York hakutiwa hatiani, lakini alijiuzulu, akarudishwa 1811. Mwaka ule ule wa 1809 bunge likapitisha sheria ya kukataza kununua na kuuza vyeo vya umma, pamoja na udalali wake. Angalia sasa: kuuza nafasi ikawa kosa. Kumpa mtoto wa rafiki bure ikabaki ni ustaarabu. Sheria ilimfunga aliyekuwa na pesa bila jamaa, ikamwacha mwenye jamaa.

Turudi kwa Anthony wetu. Mtasema basi kimemo kilileta mzembe, na posta ikapata hasara. Miaka saba ya mwanzo ungekuwa sahihi. Alikuwa anachelewa kila siku, anasingizia saa yake iko nyuma dakika kumi. Mke wa Clayton Freeling, yule yule aliyemwombea kazi, alimlilia machozi asije akamvunja mama yake moyo. Alikuwa na deni la mshonaji wa nguo la pauni 12 likaangukia mikononi mwa mkopeshaji wa riba, akaishia kulipa zaidi ya pauni 200, na yule mkopeshaji alikuwa anamfuata ofisini kila siku, anasimama nyuma ya kiti chake na kumsihi awe anatimiza ahadi. Mama mmoja wa kijijini, kikapu mkononi, aliingia ofisini mbele ya makarani wote akamuuliza kwa sauti atamwoa binti yake lini. Sir Francis alipofariki mwaka 1836 akaja bosi mpya ambaye hakumpenda hata kidogo. Kufika 1841 mshahara ulikuwa umepanda hadi pauni 140, na jina lake lilikuwa limeshuka zaidi ya hapo.

Halafu mwaka 1841 akaomba kuhamia Ireland, kazi ambayo wenzake hawakuitaka, na kule akageuka mtu mwingine. Akawa anapanda farasi siku nzima kukagua njia za wapeleka barua. Akapewa kazi ya kupanga posta za vijijini sehemu kubwa ya Uingereza. Yeye ndiye aliyependekeza yale masanduku ya barua ya kusimama barabarani, na ya kwanza yakawekwa Jersey mwaka 1852. Mwaka 1858 alitumwa Misri kupatana mkataba wa barua za Uingereza kupita kwa reli kati ya Alexandria na Suez. Alistaafu 1867, na kila asubuhi kabla ya kazi alikuwa anaandika riwaya, jumla 47. Tusiwe wabishi bure, posta ilipata mtu.

Na yeye aliyajua hayo. Mwaka 1854 ilichapishwa taarifa ya Northcote na Trevelyan iliyosema wazi kwamba utumishi wa serikali umekuwa kimbilio la wavivu na wasio na uwezo, na kwamba watu waingie kwa mtihani. Tume ya kusimamia mitihani ikaundwa 1855, lakini bado ulihitaji kuteuliwa kwanza ndipo upimwe. Ushindani wa wazi kwa sehemu kubwa ya wizara ulikuja 1870. Trollope alipinga mitihani hiyo mpaka mwisho. Alimdhihaki Trevelyan ndani ya riwaya yake ya makarani watatu. Hoja yake ilikuwa fupi: kama mtihani ungekuwepo mwaka 1834, mimi nisingeingia, na mimi nimeitumikia posta vizuri.

Nimeizungusha hoja hii kichwani siku tatu. Ina nguvu, na mtu aliyeitoa ni mkweli kuliko wengi, maana ni nani kati yetu angeandika kitabu kizima akikiri kwamba aliingia kazini bila kujua tebo? Lakini ina tundu. Trollope anaweza kututajia mtu mmoja ambaye mtihani ungemzuia, kwa sababu mtu huyo ni yeye. Hawezi kumtaja yule ambaye kimemo kilimzuia. Hakuna anayeweza. Nafasi haikutangazwa, kwa hiyo hakukuwa na orodha ya walioomba, kwa hiyo hakuna aliyekosa. Kijana wa miaka 19 mwenye mwandiko safi na hesabu zake kichwani, mtoto wa muuza duka ambaye mama yake hakunywa chai na mke wa Clayton Freeling, hata hakujua kwamba siku hiyo Novemba kulikuwa na kiti tupu posta. Aliamka, akaenda zake kubeba mizigo. Sisi wanahistoria tunafanya kazi kwa karatasi, na huyo hakuacha karatasi.

Huyo ninaye chumbani. Mshikaji wangu wa kitanda cha juu, wale mnaokuja kwetu mnamjua, simtaji. Anatoka mbali, safari ya siku mbili, kwao hakuna aliyewahi kufanya kazi ya kukaa mezani. Matokeo yake ni bora kuliko yangu tangu mwaka wa kwanza, desa zangu nusu ni zake. Tangu Januari anaandika barua za maombi usiku, kila tangazo linalotoka anatuma, na anaziweka nakala kwenye bahasha moja chini ya godoro. Kozi yetu ni moja. Nafasi anayosema mjomba angeiweza kuliko mimi.

Jana usiku nikamsimulia kisa cha Trollope. Alicheka sana pale pa kurasa za Gibbon zisizosomwa, akasema, “Bora hata angelala.” Nikamsimulia na mengine yote, masanduku ya barua, Misri, riwaya. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kutoka kule juu:

“Lakini hiyo nafasi waliitangaza?”

Nikamwambia hapana.

“Aah,” akasema. Akazima taa.

Sikumwambia habari za mjomba. Naandika hapa nikijua anasoma, kwa hiyo sasa nimemwambia.

Mjomba si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Ada yangu ya kidato cha tano alilipa yeye. Mama naye amefundisha shule ya msingi miaka mingi, anaijua nchi hii kuliko mimi, na ana wadogo zangu wawili wa kusomesha. Naye anaandika usiku na kuuguza mchana, kwa namna yake. Nikisema hapana, simnyimi mjomba kitu, namnyima yeye.

Vyeti nimeshavitoa kopi, viko mezani. Nikampigia mjomba leo mchana, shikamoo, marahaba, nikamuuliza kama ile nafasi haiwezi kutangazwa ili nami niombe kama wengine. Akacheka kweli kweli. Akaniambia, “Mpwa wangu, unasoma nini huko?” Nikamwambia historia. Akasema nimletee vyeti Ijumaa.

Leo Jumatano. Wasilisho langu ni kesho saa mbili asubuhi, na sijamaliza sehemu ya 1870. Ngoja nikamalizie. Mwenye kitabu chochote kuhusu Trevelyan anistue, cha maktaba kimeazimwa.